Nimekula Latke Nikiwa Matangani

Baba Neema,

Nimekula. Nianze na hilo, maana najua kaka yako keshanisemea kwako katika maombi yake. Jana jioni niliketi mgahawani kwa Doña Lupe, nikala sahani nzima ya latke, vile viazi vya Kiyahudi vya kukwaruza na kukaanga, nikiwa na kitenge chekundu. Na matanga yako bado hayajaondolewa.

Tangu tukuzike, kila mtu ana sheria ya kunipa. Mjane asicheke. Mjane asionekane mezani pa watu. Huyo kaka yako, Kaka Deo, amewapita wote kwa ukali. Ameamua, bila kuniuliza, nihame mtaa wetu huu wa Langley Park nikakae kwake mji wa Annandale, kile chumba cha chini, kwa sababu eti mwanamke aliyefiwa hawezi kuishi peke yake. Mkataba wa kupanga nyumba yetu unaisha mwezi huu, naye alitaka niuache ufe. Nilimpigia Neema huko chuoni. Akanijibu kwa Kiingereza chake kwamba nyumba ni yangu, nisikubali kusukumwa. Amefanana na wewe kabisa huyo mtoto.

Sasa jana nilikuwa natoka kazini, nikapita mbele ya mgahawa, nikanusa mafuta na pilipili mbichi. Hanukkah, ile sikukuu ya Kiyahudi, imeanza na wewe hupo. Nikalia palepale kituo cha basi, kwa hasira.

Unakumbuka ulivyoniaibisha mara ya kwanza? Tuliingia mgahawani humo tukikimbia baridi, tukakuta mishumaa dirishani na watu wamesimama wanaimba taratibu. Kwetu tulikotoka hicho ni kilio. Ukavua kofia, ukapita meza kwa meza ukiwashika watu mikono, "Poleni, poleni sana," na mimi nyuma yako nimeinamisha kichwa. Doña Lupe alicheka mpaka akashikilia kaunta. Ndipo akatueleza kwamba yeye ni Mmeksiko, mumewe Myahudi, na hiyo ni sikukuu ya watu walioamriwa kuacha dini ya kwao wakakataa. Viazi ni vya mama mkwe wake. Pilipili, giligilani na ule mchuzi wa kijani kavitia yeye, na mama mkwe alinuna weee, mwisho akawa anaomba aongezewe. Ulikula jasho likikutoka, ukasema, "Hii dini ya viazi itanifaa." Hatukukosa Disemba hata moja baada ya hapo.

Basi jana nilikwenda nyumbani, nikavua nguo nyeusi, nikarudi. Doña Lupe hakuniambia pole. Aliniletea sahani, akavuta kiti, akakaa nami mpaka wateja wakamwita. Latke zilikuwa za moto, kingo zake kavu, na pilipili ilinipanda hadi puani. Nilizifurahia, Baba Neema. Hilo ndilo hawataki nilitamke.

Mtu wa kanisani aliniona kupitia kioo, akampigia simu Kaka Deo. Kaka yako akafika, akasimama mbele ya meza na koti lake. "Bele-ser, shemeji yangu, uko mu matanga, unakula mu restora? Batu batasema nini?" Nilikuwa na tonge mdomoni. Nikalitafuna kwanza, nikalimeza. Nikamwambia, "Kaka, aliyekufa ni ndugu yako. Mimi sikufa. Na kesho natia sahihi mkataba wa nyumba." Akasema mengi, mila, heshima, jina la ukoo. Nami sahani iliyokuwa mbele yangu niliimaliza yote.

Aliondoka bila kuaga. Nilimwona nje, ameegemea gari lake anapangusa macho. Nilimhurumia, maana naye kafiwa, na hakuna anayempa pole siku hizi, wanamsifu tu kwa kunichunga. Hata hivyo sikunyanyuka.

Leo asubuhi nimetia sahihi. Jina ni moja tu, langu, na sitakuficha, kuliona hivyo limekaa peke yake kuliniuma kuliko kaburi.

Pumzika, mume wangu. Nitakulilia kadiri nitakavyolia, hakuna atakayenipimia. Ila nakuahidi hili: matanga yako nitayaondoa mimi, hapahapa sebuleni kwetu, na kaka yako nitamfungulia mlango, nimkaribishe kama mgeni.

Mkeo,
Mama Neema