Paa la Paneli Lisilovuja

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: Mwanamume, anafahamika mtaani kama Mzee Jalada
Umri: Miaka 73
Kazi: Kujalidi vitabu, zamani mwalimu wa jiografia
Makazi: Ghala la zamani la magunia nyuma ya kiwanda cha sabuni, chumba cha mwisho

Leo ni tarehe 9 Novemba, na huu ni mwaka wa thelathini na moja tangu nitoke kwetu. Natoa maelezo haya kwa hiari yangu, nikiwa na akili timamu, kuhusu shemeji yangu, kaka wa marehemu mke wangu, ambaye yuko mahabusu tangu jana asubuhi kwa tuhuma za kuiba paa. Ni fundi umeme. Mtaani wanamwita Bisibisi.

Nianze na ghala lenyewe. Tulihamia humo miaka mitatu iliyopita, baada ya kuondolewa tulipokuwa tukiishi kabla. Lilikuwa na kuta nzuri za matofali na sakafu ya saruji, na juu hapakuwa na kitu. Paa lake liliezuliwa na upepo, na mwenye ghala hakuona sababu ya kulirudisha. Alitukabidhi akiwa amesimama mlangoni. Nilikuwapo, na maneno yake nayakumbuka: "Kuta ni zangu. Mtakachokuja nacho, mtaondoka nacho."

Shemeji akatazama juu. "Na nyota je, bosi? Hizo tukuachie?"

Tulicheka wote watatu. Hatukuandikiana chochote.

Msimu mzima wa mvua tuliishi chini ya turubai. Vitabu vya watu nilivyopewa kujalidi nilivihifadhi ndani ya pipa lenye mfuniko. Mimi nililala nje ya pipa.

Mwaka uliofuata, shule ya bweni ya jirani ilibadilisha paneli zake za sola. Shemeji ndiye aliyezishusha zile kuukuu, na kwa makubaliano na msimamizi wa shule, ujira wake ukawa paneli zenyewe. Nilimsikia msimamizi akisema, "Zichukueni zote, mtupunguzie takataka." Mkokoteni niliusukuma mimi, mtu wa umri wangu. Kwa hiyo, afande, suala la paneli zilitoka wapi lisikusumbue.

Watu huweka paneli juu ya bati. Sisi bati hatukuwa nalo, basi ilibidi paneli ndizo ziwe bati. Shemeji alizipanga juu ya mbao ubavu kwa ubavu, akajaza gundi ya silikoni kwenye nafasi zilizobaki. Jua likawa linazitanua fremu za alumini mchana, baridi inazirudisha usiku, mpaka silikoni ikabanduka. Mvua ya kwanza ilinikuta kitandani.

Tulibishana sana. Nilimwambia tuache kuyazuia maji, tuyape njia. Kila paneli ya juu iilalie kidogo ya chini yake, kama magamba ya samaki, na chini ya kila ungio la wima upite mfereji mwembamba wa bati kutoka kileleni hadi ukingoni.

"Ukizilaza hivyo unazifumba macho," akasema. "Kivuli cha kidole tu kinaua umeme wa paneli nzima."

"Basi zilaliane kwenye fremu, zisifike kwenye kioo."

"Shemeji, dada yangu ulimtolea mahari ya vitabu, leo unataka kunifundisha bati?"

"Na vile vitabu mlivifanyia nini?"

"Tuliviuza. Vilikuwa havina picha."

Lakini kesho yake alianza kukunja mifereji, akigonga bati kwa nyundo juu ya chuma cha mlango. Mimi nilikata tyubu za magari kuwa kanda za mpira za kuweka kati ya fremu na fremu. Hatukupiga bolti hata moja kutokea juu, kwa sababu kila tundu la bolti ni mlango wa maji. Tuliunganisha kwa ribiti, zile pini za chuma zisizofunguka, kutokea ndani, na kila ribiti tukaiziba kwa lami. Hapo ndipo tulipojifunga, ingawa hatukujua. Paa lile halifunguki. Kutoa paneli moja sharti ukate ribiti na kuuharibu mfereji ulio chini yake.

Mvua ilipokuja ilikuja kwa fujo, saa za jioni. Shemeji alitandaza magazeti sakafuni, ukuta hadi ukuta, tukapanda vitandani na kuyatazama kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Mvua ilipokatika niliokota gazeti moja nikalisoma. Taa ilikuwa inawaka. Shemeji alikuwa anajifuta macho. Alisema ni lami.

Kwetu niliacha nyumba ya vigae, na ninamjua anayelala humo sasa. Jioni ile, kwa mara ya kwanza tangu niondoke, sikuifikiria.

Mwanzoni mwa Oktoba mwenye ghala alikuja ghalani. Umeme wa mtaa ulikuwa umekatika na mvua ilikuwa ikinyesha. Alisimama katikati ya chumba changu, kofia mkononi, akitazama juu.

"Halivuji kabisa?" akauliza.

Nilimjibu kwa fahari, "Hata tone."

Wiki iliyofuata alirudi kutuambia amepata mpangaji mwenye saruji ya kuhifadhi, na saruji haitaki unyevu. Akatupa hadi tarehe kumi ya mwezi huu tuwe tumeondoka.

"Sawa," shemeji akamwambia. "Sisi na paneli zetu."

"Paneli zipi? Mimi naona paa. Paa haliondoki na mpangaji."

"Ulitupa nyumba haina paa!"

"Na sasa inalo. Asanteni."

Jana, tarehe 8, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, shemeji alipanda juu na msumeno wa chuma. Mimi nilikuwa chini nimeshika ngazi. Paneli ya kwanza ilipasuka kioo kwenye kona. Ya pili ilishuka salama. Alikuwa anaikata ya tatu askari wawili walipofika, mwenye ghala akiwa mbele yao. Shemeji hakukimbia. Alisema, "Ngojeni nifunike hapa, vitabu vya mzee viko chini." Akavuta turubai juu ya uwazi, akalifunga kamba pande zote, akashuka na kunyoosha mikono afungwe pingu.

Leo asubuhi mwenye ghala alikuja kukaa nami kwenye benchi la barazani kwenu. Akaniambia, "Mzee wangu, wewe sina ugomvi nawe. Waambie tu ukweli, lile ni paa au si paa? Chumba chako kipo. Mwenye saruji anahitaji mtu anayeijua ile mifereji." Alinishika bega alipokuwa akisema hayo.

Afande naye ameniuliza swali hilohilo. Najibu: ni paa. Nimelala chini ya mapaa mengi, na sijapata kuona lililo paa kuliko lile. Nikisema ni vyombo vya umeme tu nitakuwa mwongo, na nitakuwa nimeidharau kazi ya shemeji yangu. Lakini ni paa tulilokuja nalo sisi, paneli kwa paneli, kwa mkokoteni, na mwenye kuta alisema kwa kinywa chake kwamba tutakachokuja nacho tutaondoka nacho. Alichofanya shemeji ni kuchukua chake, mchana kweupe, mlango ukiwa wazi. Na kama ule ni wizi, ngazi niliishika mimi. Niandikeni pia.

Niliyoyasema nimeyaona kwa macho yangu na kuyasikia kwa masikio yangu, na hakuna aliyenifundisha. Chumba nilichoahidiwa pale barazani sikitaki. Sitarudi.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

Kumbukumbu ya afisa: Nimeyaandika maelezo haya kama shahidi alivyoyatoa na kumsomea yote kwa sauti. Amesahihisha mahali pawili. Nilimshauri tuliondoe neno la mwisho, "Sitarudi", kwa kuwa halihusiani na tuhuma. Amekataa, ndipo akatia sahihi.