Baraza ya Mwalimu Sleyum

Mwaka umetimia, Baba, tangu ututoke asubuhi ile ya Machi 2007, na ile pembe ya baraza uliyokuwa ukikaa bado haina mtu.

Wanafunzi wako wa historia hapa Maskati wanatusimamisha njiani kutupa salamu kwa ajili yako. Wanaikumbuka kalamu yako nyekundu. Hata kadi zetu za Idi ulizisahihisha, Mungu akurehemu, kisha ndiyo ukatushukuru.

Mara moja tu uliacha kosa lipite, na binti yako Nasriya anakushukuru mpaka leo.

Ilikuwa 1996. Alipata nafasi ya kusomea ujenzi Sydney, fomu ikawa inangoja saini yako. Mama yako, Bibi Rahila, akazuia. "Nnasikia huko Mngereza alikuwa akitupa wafungwa. Mjukuu wangu hendi jela." Nawe hukupata hata siku moja kulivunja neno lake.

Hukumwongopea. Ulikaa naye chini, Nasriya kajibanza mlangoni, ukamsomesha kama darasa zima: meli za wafungwa, gavana mwenye amri zote, vifungo vikaisha, watu wakapata ardhi wakalima. Wakaja pia wahamiaji huru, kwa hiari yao, na kuna makoloni yaliyoanzishwa na hao tu, bila mfungwa hata mmoja. Watoto wao wakachoka kuamriwa.

"Wakadai baraza, Mama. Mwanzo gavana aliteua mwenyewe wa kukaa humo, baadaye watu wakachagua wao, mpaka wakajitawala."

"Wakapata baraza?" Bibi akauliza. "Za kukaa nje, kama zetu Malindi Unguja?"

Nasriya alikuona unafungua mdomo umsahihishe, kisha ukaufunga.

"Basi hao ni watu," akasema Bibi. "Jela haina baraza. Mtilie saini mtoto ende."

Alikwenda, akarudi mhandisi, na kitu cha kwanza alichokijenga ni baraza ya saruji nje ya geti letu hapa Bawshar, mtaa wa kuta na magari tu. Majirani walicheka, halafu wakaja kukaa. Tunashukuru kwa kila alasiri uliyokaa nasi pale.

Juzi Nasriya alimfichulia Bibi siri yako, kwamba baraza ulilolisema ni la kutunga sharia. Bibi akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"We Nasriya! Mie nimekulia Unguja, baraza la kutunga sharia nisilijue? Nlimwona mwanangu anataka wende, na mie hataki kunivunja. Nkampa njia."

Kumbe siku ile mwanafunzi ulikuwa wewe, Baba. Tumeona tukwambie.

Khitma itasomwa nyumbani Ijumaa baada ya sala ya alasiri. Wote mnakaribishwa.

Tunaokukumbuka: mama yako Bibi Rahila, mkeo Shaikha, ndugu yako Hamoud, wanao Nasriya na Aflah, na wajukuu.

Hutatutoka moyoni maisha yetu yote. Na Bibi anasema leo atakaa yeye pale pembeni pako.