Namba ya Kupigiwa Mtoto Akiugua

Mama Kijino,

Nilisikia kilio cha kwikwi bafuni kabla sijafumbua macho. Ukatoka, ukasema ni sabuni, ukarudi kulala. Sabuni gani hiyo, inayokuliza tangu wakunyang'anye cherehani kiwandani wakakupa mkasi wa kukatia nyuzi, kwa mshahara pungufu, eti mwenye mtoto hategemeki?

Kijino akichemka homa, mlezi anakupigia wewe. Mtoto wetu sote, kibarua kinachoota nyasi ni chako! Nami simu ninayo, naandikia mashairi tu.

Chai imo kwenye chupa.

~~Nakwenda kumtukana msimamizi wako.~~ Nampeleka mtoto kwa mlezi, niandikishe namba yangu badala ya yako. Wewe kadai cherehani.

Nimemwapia Kijino kwa sauti, hapa mezani: “Ukiugua, mwanangu, nitakuja mimi.”

Baba Kijino