Gare ya Kamanyola

Bugarama, 3 Desemba 2025

Papa wangu,
Nakusalimu. Mugongo unaendelea namna gani? Sisi tuko bazima, na mutoto wangu Iriza anakuulizia. Hapa kazini, kwa mashine ya mpunga, kuna kelele, lakini tangu jana tunasikia mabomu ya ng'ambo yenu. Vuka, Papa. Ni mto tu unaotutenganisha. Hiyo gare, stesheni unayoilinda, ni mawe tu, treni haitarudi.
Mutoto wako, Honorine

Kamanyola, 5 Desemba

Maman Iriza,
Barua imefika kwa mikono ya Ridhwani muuza mchele. Mugongo unauma, lakini ninasimama. Najua treni haitarudi. Reli ziling'olewa kabla sijaota meno. Papa yangu alinielezea vile mizigo ya Uvira ilishushiwa hapa, ikapanda malori kwenda Bukavu. Bazungu baliiacha gare, yeye akabaki kuilinda mpaka kufa. Lakini mimi sibaki kwa sababu yake. Batu ba Luvungi bamekimbia mabomu, bakaja kwangu gare, kwa kuwa kuta ni nene. Banalala mpaka kwenye chumba cha tiketi. Kati yao kuna Nsimire, mimba yake imefika siku za kuzaa, bwana yake hajulikani aliko. Nimuachie nani?
Papa yako, Ndayambaje

Bugarama, 9 Desemba

Papa,
Uko muzima? Tangu barua yako nimeandika mara mbili, hakuna jibu. Leo batu bengi bamevuka. Banasema barabara ilikuwa inapigwa mabomu, na Mzee wa gare akaenda kubapokea mashambani, akabapitisha juu ya tuta la reli ya zamani, kwa sababu kwingine kote ni matope. Nikauliza, "Yeye yuko wapi?" Maman mmoja akaangalia chini. "Alirudi gare," akasema. Nilienda mpakani, askari akanirudisha. Nitumie hata neno moja.
Honorine wako

Kamanyola, 10 Desemba

Maman Iriza,
Salamu fupi, huyu anayeleta barua ana haraka. Jana bomu lilipasua paa, upande ambao hatukuwa. Nsimire amejifungua mutoto mwanaume. Bengine bote bameondoka. Alitaka nimuache, nikamwambia hapa hakuna mutu anayeachwa. Anaanza kusimama sasa. Tutatembea polepole, mutoto nitambeba mimi. Usije kutungojea mtoni, kubali neno hilo. Chemsha maji, tandika kitanda. Tukichelewa, usizime moto.
Papa yako