Mke ndani ya boksi la Mume

Ana, nimetoka darasani sasa hivi.

Si unamjua Mugeta, mwalimu wetu wa programu za kompyuta hapa Nyasho? Leo katuchorea ukutani kwa projekta familia ya kijijini Butiama, ati tujifunze vitu vinavyohusiana kwenye programu. Boksi kubwa ni Mume. Ndani yake kaweka Ng'ombe na Mke. NDANI, Ana! Pamoja na ng'ombe!

Gaudensia wetu akauliza, "Mwalimu, Mume akifutwa?"

"Mke anafutika naye."

Anamwambia Gaude! Mjane! Msibani kwa mumewe si tulikuwa wote?

Gaude akamjibu, "Wangu alikufa. Mimi nipo."

Mugeta akacheka. Akacheka, Ana! "Ng'ombe za mahari si zilitolewa? Badilisha mwenye boksi tu. Weka Shemeji."

Shemeji! Yule yule aliyekuwaga anamgongea mlango, ati kamrithi, mpaka Gaude akahamia huku mjini! Na darasa zima linacheka. Ptuu!

Gaude hakulia. Kaenda mbele kwenye kompyuta, kamtoa Mke nje ya boksi, kamfuta Mume, kaendesha programu. Ikakubali bila kosa hata moja. Ukutani ikaandika: Mke yupo.

Mugeta kazima projekta, ati umeme unasumbua.

Na taa zote zinawaka.