Haijulikani Si Ugonjwa

Jumamosi. Mvua imenyesha tangu asubuhi na njia za mtaa wetu wa Katoyi zimekuwa tope jeusi. Nimerudi nyumbani, nimeacha viatu mlangoni, na hasira bado haijashuka.

Mimi ni daktari wa maabara. Nasoma vipande vya nyama za wagonjwa kwa darubini, na muhula huu nafundisha madaktari sita wanaosomea kazi hiyo hiyo jinsi ya kusoma jeni: badiliko gani ndani ya damu ya mtu huleta kansa, na lipi halina neno.

Jana darasani Docteur Kambale, mwanafunzi wangu bora, alitupa mfano wa mgonjwa wa kweli. Ni mama mmoja wa kutoka Butembo anayeishi hapa mjini, aliyeondolewa titi kwa sababu ya kansa. Damu yake ilipelekwa kupimwa nje ya nchi kupitia mpaka wa Bunagana, na majibu yamerudi: kuna badiliko katika jeni ya BRCA2, ambayo ikiharibika hupandisha sana hatari ya kansa ya titi. Kambale alieleza vizuri, akachora ubaoni. Kisha akamalizia kwa fahari kwamba binti wa yule mama, Espérance, mwalimu wa shule ya msingi, ataondolewa matiti yote mawili Jumanne, kabla ugonjwa haujamfikia.

Nilimwomba karatasi ya majibu. Mstari wa kwanza ulitaja badiliko. Mstari wa tatu ulisema maana yake haijulikani.

"Huu mstari uliusoma?"

"Niliusoma, Mama Docteur. Nilifikiri ni namna yao ya kujikinga."

Na huyo binti mwenyewe, hata damu yake haijapimwa.

Naandika polepole, kwa sababu jana nilisema kwa kelele. Badiliko lisilojulikana si ugonjwa. Orodha za jeni zinazotumiwa kulinganisha majibu zimejaa watu wa mbali. Sisi tumo humo wachache sana. Kitu ambacho labda nusu ya ukoo wa huyu mama wanacho, na wanazeeka nacho salama, huko kinaonekana kigeni. Hawakutuhesabu, na kwa sababu hawakutuhesabu, msichana mzima alikuwa anapelekwa kwenye kisu.

Nilimpigia simu daktari mpasuaji aliyepanga kumkata Espérance. Ni mtu mzima, ana mikono mizuri, na hapendi kuulizwa.

"Docteur, weye uko mutu wa darubini," aliniambia. "Miye njo naona bagonjwa bakikufa. Heri tukate mbele ya ugonjwa kufika."

Nilimjibu kwamba nitaandika, na nitatia sahihi yangu. Akasema, "Andika basi," akakata simu.

Niliandika kurasa mbili, nikazipeleka mwenyewe kwa mkuu wa hospitali, nikakaa ofisini mwake mpaka alipozisoma zote. Saa tisa jina la Espérance likafutwa kwenye programu ya upasuaji.

Ningepaswa kufurahi. Sikufurahi.

Kwa sababu Kambale nilimpa mimi dix-sept sur vingt, kumi na saba kwa ishirini. Somo la majibu yasiyo na uhakika lilikuwa la mwisho, umeme ukakatika, nikawaambia walisome wenyewe kwenye nota. Wiki tatu niliwafundisha majina ya jeni. Hata saa moja sikuwafundisha kumwambia mgonjwa kwamba hatujui. Mpasuaji ana kosa lake, Kambale ana lake. Hili ni langu.

Leo tumeenda nyumbani kwa Espérance na mama yake, mimi na Kambale. Njiani nilimwambia atakayesema ni yeye. Akasema, tena bila kujificha nyuma ya Kifaransa. Alisema alikosea. Alisema karatasi ile haionyeshi kwamba Espérance ni mgonjwa, wala haimwondolei hatari. Kwa kuwa mama yake aliugua, itabidi achunguzwe kila mwaka, na tukipata damu ya ndugu wengine wa ukoo, huenda tukaelewa zaidi.

Mama yake alifunika uso kwa kitambaa, akamshukuru Mungu. Espérance hakulia.

"Nilishaambia muchumba wangu," alisema. "Bazazi bake balisema ndoa ingoje kwanza, beko na baogopa batoto batazaliwa na kansa. Sasa nani ataenda kubaambia?"

Kurasa zangu mbili hazikuwa na jibu la hilo.

"Nitaenda miye," Kambale alisema. "Kesho kisha misa, kama unapenda."

Espérance alimtazama kama mwalimu anayemtazama mwanafunzi aliyeharibu daftari la mwenzake.

"Utabaambia nini?"

"Miye njo nilisoma mubaya. Weye hauna kosa."

Espérance aliitika kwa kichwa tu. Hatukukaribishwa chai, na sikuitegemea.

Kama wakwe watamsikiliza, sijui. Neno la daktari linaingia ndani ya nyumba ya watu upesi, na kulitoa ni kazi nyingine kabisa. Ningekuwa na binti, ningetaka kumjua kwa jina kila aliyeshika karatasi ile kabla haijamfikia.

Jumatatu sitaanza mimi kufundisha. Kambale atasimama mbele ya wenzake, awaeleze aliyokwenda kusema kwa wakwe wa Espérance na jinsi walivyompokea. Akikaa, nitasimama mimi, niseme kosa langu.