Humber ya marehemu uani

Zamda, sijui nicheke au nilie. Fundi Mabruki kaja kuikagua ile gari Humber ya marehemu mume wangu, aliyoinunua mwaka wa Uhuru, akaificha uani baada ya Azimio la Arusha, asije akaitwa bepari.

Kaniomba niingie nizungushe usukani, yeye yuko chini ya gari. Mimi huyo, nikaenda kukaa nyuma! Mbele nimemwachia mama mkwe, kama zamani. Mama mkwe aliyekwisha kufa, Zamda!

Fundi hakunicheka. Akasema taratibu, "Bibi, njoo mbele. Hakuna mtu."

Hakuna mtu. Nikalia palepale.

Anasema chini kumeoza, haifai kufufuliwa, niiuze kama chuma chakavu. Wanangu nao wanataka hivyohivyo. Nikamwambia anishonee viti tu.

"Kwa safari gani, bibi?"

Viti vikiwa tayari, shoga yangu, njoo tukae humo wawili.